Bisibisi ya Mswaki

Siku ile mliponiaga, wenzangu mliobaki kazini, mlinitaka niwaandikie namna tulivyofanya kazi kabla simu za mkononi hazijavifikia visiwa. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeshiba pilau yenu, na mtu aliyeshiba hakatai jambo. Sasa nimekaa hapa nyumbani Kiegeani na kalamu, naona nimejitakia mwenyewe. Habari za vyeo, na nani alimpita nani, hamtazipata humu, waulizeni wanaozikumbuka. Nitaandika habari za redio, za mwalimu wangu, na za kosa moja ambalo nililifanya kwa uangalifu mkubwa.

Niliajiriwa kuwa fundi wa redio Hifadhi ya Bahari ilipokuwa bado changa, wakati wavuvi wengi wakituita watu wa marufuku. Siku yangu ya kwanza mkuu wa kituo alinisukumia boksi lenye redio sita za boti za doria, zote zimekunywa maji ya chumvi. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kipya, na chuoni hakuna aliyewahi kututajia chumvi. Nikazifungua, nikazianika juani. Jioni zilikuwa zimekauka vizuri, na zimekufa vizuri zaidi.

Dereva wa boti akanihurumia, akaniambia nizipeleke mjini Kilindoni kwa Bwana Taibali. Huyu alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli, betri na nyaya. Babu yake alikuja kutoka Bara Hindi, baba yake akauza hapo hapo, na yeye mwenyewe alizaliwa chumba cha nyuma ya duka. Nilimkuta amevaa shati jeupe, amefunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, joto lile. Alizipindua redio moja moja.

"Nani kazianika juani?"

"Mimi, Bwana Taibali."

"Basi bahari haina kesi. Umeziua wewe."

Hivyo ndivyo nilivyopata mwalimu. Alinifundisha kwamba redio iliyoingia chumvi huoshwa kwanza kwa maji ya mvua, mara tatu, bila huruma, ndipo ikaushwe kivulini penye upepo kwa siku mbili, na katika siku mbili hizo fundi aende akafanye mambo mengine. Kungoja ndiko kulikonishinda. Katika zile sita tuliokoa mbili. Nyingine nne alizikongoa, mabaki akayaweka kwenye kopo, akawa ananitolea vipuri humo kila nilipohitaji, na kila mara akinikumbusha vilikotoka.

Kile chumba alichozaliwa ndicho kilichokuwa na mitambo yake. Bwana Taibali alikuwa mwanaredio wa ridhaa, yaani mtu mwenye leseni ya kurusha mawimbi kwa mapenzi yake tu, si kwa biashara wala kwa serikali. Mwenzake kisiwani alikuwa mmoja, Mwalimu Subira, aliyesomesha fizikia sekondari, mwanamke mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa. Wawili hao wakanisomesha mpaka nikafaulu mtihani wa leseni mara ya pili. Ile ya kwanza tusiizungumze.

Siku nilipopata leseni Bwana Taibali alinipa zawadi. Ilikuwa bisibisi aliyoichonga kwa mpini wa mswaki wa kijani, ameisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka ncha ikawa nyembamba. Nikadhani ananitania. Akanieleza kwamba ndani ya redio na televisheni kuna koili, misokoto ya waya, ambazo ukizigusa kwa chuma zinabadilika kabla hujazigeuza, kwa hiyo unarekebisha uongo. Plastiki haina ubishi na koili. Nimetumia vifaa vya bei kubwa maishani mwangu, vilivyokuja na masanduku yenye sponji, na hakuna kilichonifaa kama mswaki ule.

Akanipa na kanuni ya pili: kila unachogusa, andika. Siku, saa, ulichokiona, ulichokigeuza na kiasi gani. "Akili ya fundi inajipendelea," alisema. "Kitabu hakimpendelei mtu." Nikaanza kitabu changu cha kumbukumbu siku hiyo.

Habari ya televisheni ilianzia kwenye gazeti la zamani la mafundi alilotumiwa Mwalimu Subira. Wanaredio wa nchi nyingine walikuwa wakirushiana picha, si sauti peke yake. Bwana Taibali alilisoma wiki nzima mpaka likaanza kunuka bizari. Kisha akatafuta kamera ya zamani, iliyokuwa ikilinda ghala fulani Dar es Salaam, tukaanza kazi iliyotuchukua karibu mwaka. Antena tulizikata kwa mabomba ya alumini. Mlingoti wangu ulitaka mti mrefu ulionyooka, na mnajua wenyewe miti gani mirefu iliyonyooka inaota pembeni ya maji. Mtumishi wa Hifadhi hawezi kukata mkoko. Nikatumia mvinje, ukapinda, nikauvumilia.

Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa kituo chetu cha Juani, kisiwa cha jirani, tulikokuwa na chumba cha redio, betri mbili za lori na sola moja. Kutoka hapo mpaka Kilindoni ni bahari kidogo, kisha minazi mingi. Jaribio la kwanza sikuona ila mchelemchele. La pili vilevile. La tatu, Ijumaa moja baada ya sala ya alasiri, kitu cheupe kilijitokeza katikati ya chenga kwenye televisheni yangu ndogo ya chogo, nyeusi na nyeupe, kikatulia. Lilikuwa duara. Sauti ya Bwana Taibali ikaja kwenye redio ya kawaida: "Juani, Juani, niambie unaona nini."

"Naona duara."

"Duara au yai?"

"Duara, Bwana Taibali. Duara kamili."

Nikamsikia anacheka, na nyuma yake mke wake, Bi Sakina, anauliza atarudishiwa saa ngapi sinia lake. Lilikuwa ni lile sinia kubwa ambalo familia nzima hulizunguka wakati wa chakula. Alikuwa amelisimamisha mbele ya kamera, kwa sababu duara ndiyo mizani ya picha. Televisheni zile zilikuwa na koili ya urefu na koili ya upana, na bila kitu cha duara hujui kama mtu unayemwona ni mnene au umemnenepesha wewe. Kwa hiyo ikawa sheria: kwanza sinia, kisha sura.

Sinia likaondolewa, akakaa yeye kwenye kiti, shati jeupe, kifungo cha shingoni. Nililia kidogo. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto.

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya alasiri tulikutana. Mwalimu Subira naye alijenga mtambo, nami nikajenga wangu mdogo, tukawa tunapokezana. Tulizipa picha alama kutoka sifuri mpaka tano, kama wafanyavyo wanaredio wote. Ukitaka kumjua mwanaredio, mtazame anavyotazama. Mwalimu Subira aliwahi kutuonyesha mjukuu wake wa kwanza, ana siku saba. Mimi nikamjibu: "Alama nne, kuna kivuli upande wa kulia." Bwana Taibali akasema mwangaza umezidi kidogo. Yule bibi akasema, "Ni msichana, ahsanteni."

Tulicheka miaka mingi kwa jambo hilo. Sasa silicheki.

Lazima niseme pia kilichobadilika kwangu. Kabla ya picha, kila mwezi nilikuwa navuka, nalala nyumbani Kiegeani, kesho yake naendesha baiskeli kwenye mchanga mpaka Kilindoni kumwamkia mwalimu wangu na kunywa chai yake ya tangawizi. Baada ya picha nikawa naishia Kiegeani. Barabara ilikuwa mbaya, na mtu namwona kila Ijumaa. Niende kufanya nini?

Na sheria ya sinia niliivunja mimi. Betri za kituo zilikuwa zimechoka, na kusimamisha sinia, kulipanga na kulitazama kulikula dakika tatu. Nikamwambia Bwana Taibali tuliache, sisi tunajuana. "Fundi asiyepima anabahatisha, Faki," alisema. Nikamwambia betri ndiyo inayobahatisha. Akakubali, na Bi Sakina akafurahi kuliko wote.

Ilikuwa baada ya Idi, mwaka huo wa betri, nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba picha yake imebanwa ubavuni. Uso wake ulikuwa mwembamba kuliko unavyotakiwa. Nikamwambia: "Alama nne. Picha imebanwa kidogo, upana."

Akauliza, "Kwako au kwangu?"

"Labda kwangu. Ngoja."

Nikaingiza bisibisi ya mswaki kwenye tundu la nyuma ya televisheni, nikaigeuza koili ya upana unywele mmoja. Uso wake ukarudi kuwa uso wake. "Sasa uko sawa," nikamwambia. Nikaandika kitabuni: upana, nimeongeza kidogo.

Baada ya wiki mbili picha ikabanwa tena. Nikageuza tena, nikaandika tena. Nilidhani koili imelegea kwa joto. Wiki nyingine nikadhani ni kamera yake inazeeka, nikamwambia akague volti. Akasema ameikagua, volti ziko sawa. Nikageuza. Masika ikaja, ikaisha, na mimi kila mara naongeza unywele, naandika siku na saa kwa mwandiko mzuri. Mwalimu Subira hakubanwa, lakini yeye mtambo wake ulikuwa mwingine na siku zote alikuwa mtu wa uso mpana, kwa hiyo sikumfanya kuwa kipimo.

Kipimo nilikuwa nacho mbele ya macho. Pale kituoni alikuwapo askari wa doria mmoja, Saidi, aliyependa kuangalia mikanda ya video ya mpira kwenye televisheni ile ile. Siku moja akaniita.

"Kaka Faki, hebu njoo utazame. Mbona mpira umelala kama yai?"

Nikatazama. Mpira ulikuwa yai kweli, na mlinda mlango alikuwa mnene kama mfanyabiashara.

"Mkanda umechoka," nikamwambia. "Umeuazima mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Basi."

Nilikuwa na leseni, cheti na uzoefu, naye alikuwa na macho tu.

Ijumaa moja mwanzoni mwa kusi, Bwana Taibali hakuonekana. Alionekana Mwalimu Subira, na hakungoja nimpe alama.

"Bwana Faki, mbona huji kumwona mgonjwa?"

"Mgonjwa gani?"

Picha yake ilikuwa safi, alama tano, nikamwona anavua miwani.

"Bwana Taibali amelazwa tangu juzi. Faki, wewe si unamwona kila Ijumaa? Mji mzima umeona alivyokwisha. Sote tulisema Faki anamwona, atamwambia, yeye humsikiliza Faki."

Maji yalikuwa yametoka, boti imekaa kwenye tope. Nilingoja kwa muda wa saa nne maji yajae, na sijawahi kuichukia bahari kama siku hiyo. Niliondoka na mfuko wenye shati moja na kitabu cha kumbukumbu, kwa sababu nilishazoea kutembea nacho.

Hospitali nilimkuta amelala ubavu. Sitaandika alivyokuwa. Nilipitiliza kitanda chake nikaenda kumtafuta kwenye kitanda cha pili, na yeye akaniona nikimpita. Akaniita kwa jina. Nikarudi.

"Shikamoo, Bwana Taibali."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu yako leo. Betri zimekufa?"

Bi Sakina alikuwa amekaa kwenye kiti na kanga mabegani. Hakunijibu salamu mara moja. Baadaye akasema, taratibu, bila kupandisha sauti, "Nilimwambia aende kwa daktari tangu masika. Nikamwambia nguo zinamvuka. Kila nikisema, ananiambia Faki kamwona, Faki kasema ni mtambo. Nikasema, fundi keshasema, mimi ni nani?"

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Alitaka kujua mgonjwa alianza kupungua lini, na ilikuwa polepole au kwa ghafla. Bi Sakina akasema kabla ya masika, au katikati. Mwenyewe akasema hakumbuki. Daktari akasema ingesaidia sana kujua. Nilikaa na mfuko wangu miguuni. Kisha nikatoa kitabu, nikamfungulia ukurasa wa baada ya Idi.

Akasoma. Akageuza kurasa. "Upana ni kitu gani?"

Nikamweleza, mbele yao wote. Nilimweleza koili, bisibisi, na kwamba kila palipoandikwa "nimeongeza" ni siku niliyomwona amekonda nikamnenepesha kwenye kioo. Ndani ya kitabu zilikuwapo siku kumi na moja. Daktari alizinakili kwenye faili lake moja baada ya nyingine. Tukawa tunasikia kalamu tu.

"Kumbukumbu nzuri sana," Bwana Taibali akasema toka kitandani. "Mimi ndiye niliyemfundisha." Akapumzika, halafu akaendelea, "Sakina, usimbebeshe huyu. Jibu lake nililipenda mwenyewe. Kioo kilikuwapo nyumbani, sikukitazama."

Nilimuuliza daktari kando, kwenye baraza, ingekuwaje kama tungekuja mwezi ule wa kwanza. Alikuwa mkweli. Alisema hawezi kuapa, lakini ugonjwa wa ini unapowahiwa huwa kuna la kufanya, na sasa hakuna. Alisema hata kumsafirisha Dar ni kumchosha bure.

Nilikaa naye siku tisa. Tulizungumza redio. Siku moja aliniuliza kama nimeleta bisibisi, nikamwambia ipo. Akaitaka, akaishika, akapitisha kidole gumba kwenye ncha. "Imekaa vizuri bado," akasema, akanirudishia. Alifariki asubuhi ya siku ya tisa, Bi Sakina akimsomea, na akazikwa siku hiyo hiyo. Sote wawili wa redio tulikuwapo makaburini, kila mmoja na wenzake, Mwalimu Subira na wanawake kwa mbali.

Mtauliza tulifanya nini baadaye. Mwalimu Subira aliendelea mpaka alipostaafu, na kila mara alianza na sinia, kwa sababu Bi Sakina alimpa lile lile. Sinia liliingia kwenye picha kila Ijumaa, alama nne, alama tano, duara. Kisha minara ya simu ikaja, watoto wakawa wanaonana na ndugu zao wa Maskati wakiwa wamelala kitandani, na televisheni yetu ya ridhaa ikabaki mabomba ya alumini juu ya mvinje uliopinda. Vifaa vyote nimevikabidhi na orodha yake mnayo. Bisibisi haimo kwenye orodha. Msiitafute.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Niliporudi Juani baada ya maziko, nilikaa siku kadhaa bila kuigusa televisheni. Saidi alinisubiri kwa adabu, kisha akaniuliza kama anaweza kuweka mkanda wake. Nikamwambia ngoja nitengeneze kwanza. Nikafungua kitabu, nikajumlisha nywele zote kumi na moja, nikaingiza bisibisi kwenye tundu, nikarudisha. Haikufika hata mzunguko mmoja. Saidi akaweka mkanda. Mpira ulikuwa duara.

"Kumbe si mkanda," akasema.

"Si mkanda."

Alipoondoka kwenda doria, nikakumbuka kwamba na mimi nilikuwa na mkanda. Mwezi mmoja kabla hajalazwa nilikuwa nimerekodi picha ya Bwana Taibali kwenye deki ile ya mikanda, maikrofoni ikinasa sauti zetu, kujaribu kama inawezekana. Ilirekodiwa kama ilivyotoka kwake, kwa sababu koili yangu haikuwa na amri juu ya mkanda. Nikauweka. Ulianza na chenga, kisha picha ikatulia, alama tano, haina kivuli wala mchelemchele. Sijapata kupokea picha safi kama ile.

Mashavu yalikuwa yamezama. Shati jeupe lilikuwa limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na kati ya kola na shingo ungeweza kupitisha mkono. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti, ananitazama, anangoja nimwambie anaonekanaje. Kisha ikaja sauti yangu mwenyewe, yenye furaha, ikamwambia yuko sawa.